Kemboi, Nyumba Unayoitaka ni ya Jerotich

Kwa kaka yangu Kemboi, uliye Moi's Bridge,

Sisi huku Eldoret ni wazima. Jerotich ana kikohozi kwa sababu ya unyevu wa kile chumba alichohamia Langas nyumba yetu ya zamani ilipobomolewa, watoto wake wanaenda shule, na mimi naendelea na kazi ya gazeti. Salamu ziishie hapo. Nimekupigia simu tangu mvua zianze na huchukui, kwa hivyo nakuandikia mahali ambapo utasoma mwenyewe au utasomewa na wengine. Nimeambiwa pia kwamba unawaeleza watu wa soko huko kuwa dada zako wanakunyang'anya mali ya baba. Basi nao wasome. Wajue ni mali gani, na nani anamnyang'anya nani.

Wiki iliyopita funguo za zile nyumba za ghorofa za mradi wa serikali zilitolewa. Wewe hukuja. Mimi na Jerotich tulisimama karibu na geti pamoja na watu wote waliokuwa wapangaji wa nyumba za zamani, zile zilizobomolewa ili ghorofa zijengwe. Afisa wa nyumba, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alisoma namba ya nyumba kisha jina la mwenyewe, na mwenyewe akaenda kuchukua ufunguo. Alipofika kwenye nyumba ambayo sisi tulijua ni ya Jerotich, akasoma jina lako. Majina yako yote matatu.

Hakuna aliyeitika. Mama Njeri, yule jirani yetu wa duka, akauliza, "Kemboi gani? Yule wa trekta?"

Afisa akarudisha ufunguo kwenye boksi. Akasema mwenyewe aje na kitambulisho, na kama kuna mtu mwenye pingamizi aandike. Tumeandika. Kikao ni Alhamisi ijayo asubuhi, katika ofisi ya nyumba, na hapo itaamuliwa kama nyumba ni yako au ni ya Jerotich.

Kabla ya Alhamisi nataka nikukumbushe mambo machache. Najua hujayasahau. Nataka tu ujue kwamba na mimi sijayasahau.

Unaikumbuka ile nyumba ya zamani. Chumba kimoja na jiko, si mbali na mtaa wa West Indies, mabati juu, choo nje, bomba moja la maji kwa safu nzima. Baba aliipata kutoka manispaa alipoajiriwa kwenye kiwanda cha nguo. Sisi watatu tulilala jikoni. Wewe ulilala karibu na mlango, kwa sababu ulikuwa mkubwa na ulisema mwizi akiingia atakukanyaga wewe kwanza. Jerotich alikuwa mdogo sana na aliogopa mvua ya mawe. Ikianza kupiga mabati, ulimziba masikio kwa viganja vyako na kumwambia kuna mtu huko juu anamwaga mahindi, atamaliza sasa hivi. Mtoto alikuwa anakuamini. Alisubiri gunia liishe.

Naandika hilo kwa sababu lilitokea, na siwezi kuandika yale mabaya tu halafu niseme nimeandika ukweli.

Baba alipofariki hatukubadilisha jina kwenye ofisi ya manispaa. Hakuna mtu wa mtaa wetu aliyekuwa akibadilisha. Ukienda kubadilisha, unaandikishwa kama mpangaji mpya, kodi inapanda, na karani anaweza kuamua nyumba apewe mtu wake. Na kulikuwa na lile jambo lingine ambalo watu hawakulisema sana. Mama alisema kumtoa baba kwenye risiti ni kama kumtoa kwa nyumba. Kwa hivyo mama alilipa kodi kwa jina la baba mpaka naye akafariki, na Jerotich akaendelea kulipa kwa jina la baba. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Wajane na mabinti walilipia nyumba za wanaume waliokuwa wameshazikwa, na ofisi ilipokea pesa bila kuuliza.

Unakumbuka pia tulivyokaa baada ya kumzika mama, kwako shambani. Baba mdogo aliuliza kama kuna mtu anayemdai marehemu, na baadaye akauliza mali itakaa vipi. Wewe ulikuwa umesimama ukiegemea lile tangi la maji. Ulisema, "Mimi nibaki na shamba. Jerotich akae na hiyo ya town. Ina kunguni, mimi siitaki." Watu wakacheka. Jerotich mwenyewe alicheka. Mimi sikuomba kitu, na mpaka leo sijaomba. Baba mdogo akasema imekubalika, mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, ikapitishwa, tukanywa. Ulikunywa na wewe. Kwa watu wetu hilo halihitaji kuandikwa, na ndiyo maana halikuandikwa.

Halafu kuna ule mwaka mahindi yalikataa kuuzika. Magunia yalikaa stoo mpaka mahindi yakaota, ukakosana na mke wako, na ukaja mjini na begi moja. Hukuja kwangu, kwa sababu ulijua nitakuuliza maswali. Ulienda kwa Jerotich. Aliwatoa watoto wake kitandani akawalaza chini, ukalala kitanda chao mpaka mvua zikaisha. Alikuwa anakumiminia chai wewe kwanza, kabla ya watoto wanaoenda shule. Hakukuuliza unaondoka lini. Nilipomuuliza mimi, alinijibu, "Si ni nyumba ya baba yake pia?"

Hilo neno "pia" ndilo umeshindwa kulisema wewe.

Ulipata nafuu, ukarudi nyumbani, misimu miwili mizuri ikafuatana. Ukajenga ile ploti ya kupangisha hapa Kapsoya. Tulifurahi. Ni kwenye veranda ya hiyo ploti, siku ulipokuja kukusanya kodi, uliniuliza kuhusu nyumba za bei nafuu. Wakati huo mabango ya mradi yalikuwa yamewekwa mtaani kwetu, na mimi nilikuwa naandika habari zake kila wiki.

"Hizi nyumba za serikali," ulisema, "mtu anazipataje? Ama ni za wale wakubwa?"

Nilikueleza kama ninavyomweleza yeyote. Kwamba unatakiwa uwe raia na mtu mzima, uwe na kitambulisho na PIN ya kodi. Unajiandikisha kwenye mtandao wa serikali, unachagua aina ya nyumba, unaanza kuweka depositi kidogo kidogo kwa simu. Nyumba zimegawanywa kwa mapato: kuna za watu wa kipato cha chini kabisa, kuna za watu wa kati, na kuna zinazouzwa kwa bei ya soko. Wanaoomba ni wengi kuliko nyumba, kwa hivyo kompyuta ndiyo inachagua. Mtu mmoja, nyumba moja. Ukishapewa unalipa kila mwezi kama kodi, lakini si kodi, unanunua. Ukilipa miaka yote inayotakiwa, nyumba ni yako. Huwezi kuiuza wala kuipangisha unavyotaka kabla ya kuruhusiwa.

Ulishangaa nilipokuambia kwamba ile pesa inayokatwa kwenye mshahara wa watu haiwanunulii nyumba. Mwalimu mmoja hapa Kapsoya alikuwa amenionyesha payslip yake akiamini kwamba kila makato ni tofali lake. Nilimwambia hiyo ni tozo, inajenga, lakini haikuwekei nafasi; depositi ni kitu kingine na lazima uiweke mwenyewe. Alikasirika kama vile mimi ndiye niliyekata. Ulicheka sana.

Kisha nikakuambia kwamba watu wa mtaa wetu hawaingii kwenye hiyo kura ya kompyuta. Mradi ulikubali kwamba wale waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za zamani watakuwa wa kwanza kurudi. Wanatakiwa waonyeshe kwamba walikuwa wanaishi pale, wajiandikishe kama wengine, na walipe depositi. Basi.

Ukauliza swali moja. "Na kama mpangaji alikufa?"

Nikakujibu kwamba mrithi anapeleka barua ya chifu. Ulikunywa chai yako, ukaongea habari za mbolea. Sioni kosa katika jibu langu. Nimewajibu watu wengi swali hilohilo, na wewe peke yako ndiye uliyelitumia kumtoa dada yako kwenye nyumba.

Siku watu wa mradi walipokuja kuhesabu wapangaji, hukuwepo. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya kazi. Mwanaume mmoja mwenye tableti alisimama kando ya bomba akasoma majina kutoka kwa orodha ya zamani ya manispaa, kwa sauti, kama mwalimu wa zamu.

"Josphat Mwangi."

"Yuko," Mama Njeri akajibu.

"Yuko wapi?"

"Kwa Mungu. Lakini kodi analipa kila mwezi."

Akasoma mwingine, akajibiwa na binti. Akasoma wa tatu, akajibiwa na mjane. Akashusha tableti.

"Kwani hapa wote ni marehemu?"

"Ni wapangaji wazuri," Mama Njeri akasema. "Hawapigi redio."

Alipofika kwa jina la baba, Jerotich alisema, "Niko hapa." Yule mtu akamtazama kuanzia kichwani, kitambaa cha saluni yake, aproni yenye rangi ya nywele.

"Wewe ndiye Mzee Kiplagat?"

"Mimi ndiye nalipa."

Akaandika. Akampiga picha mlangoni, watoto wake wawili wakiwa pembeni. Hiyo picha iko kwenye faili, Kemboi. Wewe huonekani hapo hata kwa kivuli.

Kisha ikaja habari ya barua. Jerotich alienda kwa chifu wa hapa mjini, akakuta naibu wake, mzee anayesoma Biblia mezani. Mzee akamuuliza kama hataolewa. Jerotich akamwambia aliolewa, akaachika. Mzee akasema, "Basi urithi wako uko kwa mzee wako kule." Jerotich akamwambia kule pia walimwambia arudi kwa baba yake. Mzee hakucheka. Akasema familia ije pamoja, mtoto wa kwanza akiwemo, kisha ataandika.

Mtoto wa kwanza ni wewe. Alikupigia mbele yangu. Ulisema, "Nitakuja, nivune kwanza." Ulivuna. Ukasema, "Nitakuja, nikaushe kwanza." Ukakausha. Ukasema, "Niuze kwanza." Wakati huo ulikuwa umeshaenda kwa chifu wa Moi's Bridge, kwa sababu baba amezikwa huko, ukaandikiwa barua inayosema wewe ni mtoto wa kwanza na mrithi. Chifu hakudanganya. Wewe ni mtoto wa kwanza kweli. Hakukuuliza nani alikuwa anaishi ndani ya nyumba, kwa sababu nyumba haiko kwake, na wewe hukumwambia.

Ulijiandikisha kama mkulima mdogo. Wewe, mwenye trekta na ploti Kapsoya. Depositi ulilipa mara moja, siyo kidogo kidogo. Hilo nalikubali, ulilipa na una risiti. Jerotich naye alikuwa ameshajiandikisha kwa kitambulisho chake, akiweka depositi kutoka kwa saluni, siku za Jumamosi watu wakisuka kwa wingi. Pesa yake bado iko huko kwenye mtandao. Haina nyumba ya kwenda.

Lakini ofisi ilikuwa na picha. Ilibidi waulize mwanamke huyu mlangoni ni nani. Nimezungumza na karani aliyekuhudumia. Nilimuuliza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani amechanganya watu. Alisema uliangalia picha, ukasema, "Huyo alikuwa ananichungia nyumba. Ni mfanyakazi."

Sina haja ya kukuelezea ilivyokuwa kumpelekea Jerotich hayo maneno. Nilimwambia kwa sababu angeyasikia kwenye kikao, na nilitaka ayasikie kwangu kwanza. Alikuwa anaosha nywele za mteja. Akafunga maji. Akamaliza kumkausha yule mteja, akapokea malipo, akashukuru. Kisha akaniuliza, "Alisema jina langu, ama alisema tu mfanyakazi?"

Nilimwambia ulisema tu mfanyakazi.

Mara ya mwisho ulipochukua simu yangu nilikukumbusha tulivyokubaliana baada ya mazishi ya mama. Hukukana. Hilo ndilo lililonishangaza. Ulisema polepole, kama mtu aliyelala nalo, "Ile niliyomwachia ilibomolewa. Hii ni ingine kabisa." Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimesikiliza watu wakijitetea kwa wizi wa kila aina. Wengi husema hawakuchukua. Wewe unasema kilichochukuliwa hakipo tena, kwa hivyo hakuna aliyeibiwa.

Hebu tuifuate hiyo hoja yako mpaka mwisho. Kama nyumba ya zamani ilibomolewa na haina uhusiano na hii mpya, basi upangaji wa baba nao ulibomolewa, na barua yako ya chifu ni ya kurithi kifusi. Ungetakiwa kuingia kwenye kura na watu wengine wote wa Eldoret. Na kama hii mpya imetokana na ile ya zamani, basi ulishaisema ni ya nani, ukiegemea tangi, na mursik mkononi. Chagua moja. Huwezi kutumia nyumba ya zamani kuingilia mlangoni halafu uiache nje.

Sasa nije kwa ujumbe uliomtuma baba mdogo alete Jumapili.

Alikuja Langas, tukamkuta ameketi kwenye stuli ya saluni ya Jerotich, kofia magotini. Ni mzee sasa, na nilimwonea huruma kwa kazi uliyompa. Alisema, "Kemboi anasema hataki vita na dada yake. Kama anaitaka hiyo nyumba, aingie akae. Atampangishia kwa bei ya ndugu. Lakini muondoe hiyo barua yenu ya pingamizi."

Nilimuuliza kama anakumbuka maneno ya siku ile kwako. Akasema, "Nakumbuka. Lakini nimezeeka, nataka nizikwe na watu wasiogombana." Alikunywa chai akaondoka. Sikumlaumu. Wewe ndiye ninayekulaumu kwa kumtuma.

Nitakuambia kilichofuata, kwa sababu nusura ushinde. Mama Njeri alikuwa amekuja kusukwa. Jerotich alikuwa nyuma yake, kitana mkononi, na alimaliza kwanza mistari kadhaa.

"Mwambieni sawa," akasema.

"Sawa nini?" nikauliza.

"Nitapanga. Nimechoka. Afadhali nimlipe Kemboi kuliko yule mzee mwenye chumba cha hapa ananifungia maji. Watoto watakuwa karibu na shule. Si hata ni ghorofa ya pili, jua linaingia?"

Hakulia. Alikuwa anafanya hesabu ya maisha yake, na kwa mwezi huu hesabu yake ilikuwa sawa. Chumba cha Langas kina ukungu ukutani. Mtoto mdogo ana kifua. Kwa hivyo sikumwambia habari za haki. Nilimweleza jinsi nyumba hizi zinavyofanya kazi.

Nilimwambia kwamba pesa atakayokupa kila mwezi, wewe utaipeleka serikalini, na serikali itaihesabu kwa jina lako.

"Kwa hivyo nitakuwa nanunua nyumba?" akauliza.

"Utanunua. Ya Kemboi."

Mikono yake ikasimama kwenye nywele za Mama Njeri.

Nikamwambia tena kwamba mwenye nyumba haruhusiwi kuipangisha hovyo, na wakija kukagua, wakikuta mgeni ndani, wewe una shida. Wakikuta dada yako na watoto wake, utasema ni familia, na utakuwa umesema ukweli kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana unamtaka ndani. Humtaki awe na nyumba. Unataka awe mlangoni wakija kupiga picha.

Mama Njeri hakugeuka, maana kichwa chake kilikuwa kimeshikwa, akauliza akiangalia ukuta, "Na Kemboi akikasirika?"

"Anamtoa."

"Na huyu akikasirika?"

"Anahama."

"Hapo hakuna ndugu," Mama Njeri akasema. "Hapo kuna landilodi mwenye anajua mahali umelia."

Jerotich akaendelea kusuka. Nilijua nisimsukume, kwa sababu mimi nina nyumba ninayolipia bila kukohoa na si mimi nitakayelala kwenye ukungu kama pingamizi likikataliwa. Hili nataka ulielewe: akikataa bei yako ya ndugu na akashindwa Alhamisi, hana kitu. Atabaki Langas, na depositi yake itarudi au itasubiri kura kama ya watu wengine, na kwa kura nimeona watu wakisubiri mpaka watoto wao wakawa na vitambulisho vyao. Ulijua hivyo ulipomtuma baba mdogo. Ulimpimia dada yako kipande kidogo kabisa ambacho mtu aliyechoka anaweza kukubali.

Alimaliza mstari wa mwisho. Akachoma ncha kwa kiberiti, akampa Mama Njeri kioo. Kisha akaniuliza, "Hicho kikao ni saa ngapi?"

Hilo ndilo jibu lake. Baba mdogo ameshaambiwa, kwa heshima, na Jerotich mwenyewe.

Sasa nikuambie ninavyohisi, kwa kuwa barua za namna hii hufika hapo. Sikuchukii kwa ajili ya nyumba. Nyumba ni zege na mabomba, na nimeona ndani, si kubwa sana. Nakuchukia kwa urahisi ulioutumia. Hukuhitaji kuvunja mlango. Ulihitaji tu kwamba sheria imuulize marehemu ni nani mtoto wake wa kwanza, na isimuulize aliye hai alikuwa analala wapi. Mtaa wetu wote una hatari hiyo. Mama Njeri ana shemeji huko Nyandarua ambaye ameanza kupiga simu za salamu. Binti wa safu ya tatu ana mjomba. Wote wanaangalia faili yako, Kemboi, na wanawake wote wa pale bombani wanaiangalia pia. Ukipita, hao mashemeji na wajomba watapita na wao.

Na nikuambie jambo la mwisho kuhusu wewe na mimi. Sitakuja shambani Desemba. Kaburi la mama liko kwako na najua utaniambia nimelitupa. Nitakuja siku ambayo hutakuwepo. Si kwa hasira. Ni kwamba sijui nitaongea nini na wewe nikishamaliza kuuliza mahindi yamekuwaje. Jerotich anaweza kuamua tofauti, na ana moyo wa kuamua tofauti. Usichukulie moyo wake kuwa ni wangu.

Usimpigie kabla ya Alhamisi. Ukitaka kusema kitu, nipigie mimi, nitachukua.

Alhamisi nitakaa nyuma, na Jerotich ndiye atakayezungumza. Mama Njeri atazungumza baada yake, na watu wa safu yetu waliosema watakuja ni wengi kuliko viti vya ofisi ile. Njoo na kitambulisho chako, kwa sababu bila hicho hutaruhusiwa kuingia. Njoo na barua yako ya chifu na risiti yako. Ukiamua kurudia kwamba alikuwa mfanyakazi wako, utasema akiwa amekaa mbele yako, na nimemwomba afisa akuulize swali moja tu kuhusu huyo mfanyakazi: miaka yote hiyo, ulikuwa unamlipa mshahara gani.

Tafuta jibu.

Ni mimi,
dada yako anayekufuata